Pansio ya serkali Maniema: miaka ya kazi inapotelea wapi?

Kwenye ofisi za serkali za Kasuku, upande wa kushoto wa Lualaba, kuna watumishi ambao umri wa kupumzika uliwapita zamani na bado wanakuja kila asubuhi kutia sahihi. Vijana wanawanung'unikia. Wanasema wazee wamekatalia viti. Lakini ukimuliza muzee mwenyewe kwa nini hatoki, jibu mara nyingi si kupenda kiti. Ni hesabu. Anaogopa kutoka na miaka 35 ya kazi kichwani, halafu akute kwenye karatasi imeandikwa michache zaidi, ao asikute jina lake hata kidogo.

Mambo ya pansio yanazungumuzwa sana kama mambo ya pesa: serkali iko na makuta ao haina, benki imefungua ao imefunga. Pesa ni kweli ni shida. Lakini hapa Maniema shida inaanza mbele ya pesa. Inaanza kwenye miaka. Mutu anaweza kuwa na haki yote, serkali inaweza kuwa na makuta yote, na bado asilipwe, juu hakuna mwenye kuonyesha kwamba kati ya mwaka fulani na mwaka fulani alikuwa kazini.

Sheria yenyewe haina giza. Katiba ya 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 36, inataja pansio ya uzee na posho ya maisha kati ya njia ambazo mufanyakazi anakingwa nazo. Sheria namba 16/013 ya 15 Julai 2016, ile inayoongoza watumishi wa kudumu wa serkali, inasema mutumishi anaenda kupumzika akifikisha miaka 65 ya umri ao miaka 35 ya kazi. Na kwa dekreti ya 14 Desemba 2015, serkali ilikuwa imeunda CNSSAP, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii kwa watumishi wa serkali. Kisha ikakuja sheria ya Julai 2022 juu ya utaratibu wa pekee wa watumishi hao.

Kuundwa kwa CNSSAP kulibadilisha kitu kikubwa ambacho wengi hawakukiona. Zamani, pansio ya mutumishi wa Leta ilitoka moja kwa moja kwenye sanduku la serkali. Mutumishi hakukatwa mchango wa pansio kila mwezi. Ilikuwa sawa na zawadi iliyoahidiwa: unatumika, unazeeka, serkali inakupa. Serkali ikikosa, unangoja. Mfumo mupya ni wa michango. Mutumishi anakatwa kwenye mushahara, serkali nayo kama mwajiri inatia sehemu yake, na mfuko unaandika. Hapo mwezi mmoja wa kazi unakuwa na alama yake. Wale waliopumzishwa mbele ya mfumo huo walibaki upande wa sanduku la serkali, wale wapya wakaenda upande wa mfuko.

Ni jambo jema, na haifai kulidharau. Ila linaleta swali ambalo Kindu inalisikia kuliko Kinshasa. Mutumishi anayefikia umri leo alianza kazi miaka ya 1980 ao mwanzo wa 1990. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita mbele ya kuzaliwa kwa mfuko. Miaka ile haina michango; iko na karatasi tu. Na karatasi za Maniema zimepita mahali pengi.

Karatasi ya kwanza inafuata historia ya jimbo. Maniema imekuwa jimbo mwaka 1988, wakati Kivu ya zamani ilipokatwa vipande vitatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mbele ya hapo ilikuwa sehemu tu ya Kivu, na makao makuu yalikuwa Bukavu. Mwalimu wa Kibombo, muganga wa Pangi ao karani wa Kasongo aliyeajiriwa mwaka 1985, dosie yake ilipanda Bukavu ndipo iendelee Kinshasa. Jimbo lilipozaliwa, watu walihamishwa kwa siku moja kwa sahihi ya Rais. Kuhamisha dosie ni kazi nyingine. Ndiyo sababu mutu wa Kindu anaweza kuambiwa mwaka huu kwamba barua yake ya kwanza ya kazi aitafute kwenye makao makuu ya zamani. Na tangu AFC/M23 waingie Bukavu katikati ya Februari 2025, majuma machache kisha kuingia Goma, safari hiyo si safari tena ya kumutuma muzee wa miaka 66.

Karatasi ya pili ni ya vita. Oktoba 1998 Kindu ilianguka mikononi mwa RCD, na inchi ikabaki imekatwa mpaka serkali ya mpito ya 2003. Watumishi wengi hawakukimbia. Walibaki kwenye shule, hospitali na ofisi za jimbo, wakatumika bila mushahara wa Kinshasa. Wengine walipandishwa cheo ao kuajiriwa na utawala wa waasi. Wengine walikimbilia porini miezi, kisha wakarudia kazi bila mutu kuandika siku waliyorudi. Leo, wakati wa kuhesabu, miaka hiyo mitano ni shimo. Mfano: mwalimu aliyeanza Septemba 1986 alitimiza miaka 35 mwaka 2021. Mutu akimutolea miaka mitano ya vita, anabakia na 30. Hiyo ni sehemu moja juu ya saba ya maisha yake ya kazi. Popote pansio inapopimwa kwa urefu wa kazi, sehemu hiyo inakatwa kwenye chakula chake cha kila mwezi mpaka kufa, na kisha kufa inakatwa kwa mujane.

Na kuna wale ambao miaka yao ilipotea mwanzoni kabisa. Hapo walimu ndio wanajua. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi walibeba shule kwa "prime". Mwalimu alianza kufundisha juu direkta alimukubali na wazazi walimulipa, si juu serkali ilimutambua. Matrikile ilikuja miaka mitatu, mitano, hata kumi kisha. Elimu ya bure ya shule ya musingi ilipoanza mwaka 2019, prime ya wazazi ikakatazwa, na inchi nzima ikagundua ni walimu wangapi walikuwa darasani bila kulipwa na serkali, wale wanaoitwa "nouvelles unités", N.U. Kwao, kazi inaanza siku jina linapoingia kwenye listi ya malipo ya DINACOPE, ile iliyokuwa SECOPE zamani. Miaka ya mbele ya hapo, watoto waliofundishwa wako, wamekuwa wakubwa, wengine ni manaibu. Lakini kwa mashine ya malipo, mwalimu hakuwako.

Je, haki iko wapi hapo? Serkali inaweza kusema: sisi hatukumuajiri. Kwa sheria kavu ni kweli. Lakini shule ilikuwa na kibali cha serkali, ukaguzi ulikuwa wa serkali, na vyeti vya Leta vya darasa la sita vilitolewa na serkali kwa watoto wa mwalimu yule. Kukubali matunda na kukana mulimaji ni vigumu kutetea. Kama hakuna pesa ya kuhesabu miaka yote, inaweza kuhesabiwa sehemu, kwa sharti zinazojulikana na zilizoandikwa. Kinachoumiza zaidi ni ukimya, juu ukimya unaacha kila mutu aende kutafuta "ndugu" wake ofisini.

Kisha kuna majina. Hili jambo linaonekana dogo mpaka likukute. Mwaka 1972, wakati wa kurudilia uasili, Wazairwa waliacha majina ya ubatizo. Mutu aliyezaliwa 1960 akaitwa Joseph, kwenye barua ya kazi ya 1985 hana Joseph. Kisha Mobutu kwenda, Joseph akarudi: kwenye kadi ya uchaguzi yuko, kwenye benki yuko, kwenye barua ya kwanza hayuko. Ongeza karani aliyeandika jina kwa masikio, "Mw" ikawa "Mu", "o" ikawa "u". Waislamu wa Kasongo na Kabambare wana mutihani wao, juu jina la baba na jina la mutoto yanabadilishana nafasi. Mashine haijui kwamba hao ni mutu mumoja. Inaona watatu, na kati ya watatu hakuna hata mumoja mwenye miaka 35.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni vilevile. Wengi wa umri huo waliandikishwa "kuzaliwa mwaka fulani hivi", bila siku wala mwezi, kisha wakapata hukumu ya tribinali inayochukua nafasi ya cheti, ile watu wanaita sipletifu. Anayepata sipletifu mupya kila mara anapohitaji karatasi anajitega mwenyewe. Tarehe mbili tofauti kwenye dosie moja zinatosha kuisimamisha, na hapo hakuna wa kumulaumu Kinshasa.

Wajane wanabeba mizigo yote hiyo na mwingine juu. Pansio ya mufu inapita kwa mujane mwenye cheti cha ndoa. Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inakubali ndoa ya kimila, lakini inataka iandikishwe kwa ofisi ya serkali. Sheria hiyo hiyo haikubali mutu aoe ndoa ya pili wakati ya kwanza iko. Maniema ni jimbo lenye Waislamu wengi kupita majimbo mengi ya Kongo. Wamama wengi wako na karatasi ya muskiti na mashahidi wa kijiji, mahari ililipwa, watoto saba wamezaliwa, lakini kwenye daftari la komine hakuna kitu. Kwa jamaa ni bibi. Kwa mfuko ni mutu wa mbali. Na wakati wa bwana kuwa hai, kuandikisha ndoa kunaomba safari moja tu ya ofisi ya etasivili. Kisha kufa, kunaomba tribinali, mashahidi, na wakwe wenye kukubali kusema kweli.

Mbali na watumishi wa Leta, Kindu ina wazee wengine ambao hadisi yao inachanganywa na hii. Wafanyakazi wa reli ni wa upande wa CNSS, mfuko wa wafanyakazi wa kampuni uliokuwa ukiitwa INSS tangu 1961. Hapo mwajiri ndiye anakata sehemu ya mufanyakazi, anaongeza yake, anapeleka. Kampuni ya reli, SNCC, ilipitia miaka mirefu ya mishahara isiyolipwa. Kampuni isiyolipa mushahara ni vigumu ipeleke michango. Kwa hiyo muzee wa reli anaweza kuwa na barua zote, tangu siku aliingia mpaka siku alitoka, na bado akute miezi mitupu kwenye akaunti yake. Ndugu zao wa Kalima na Punia waliotumikia Sominki, kampuni iliyovunjwa mwaka 1997, walikuwa wakidai hesabu yao ya mwisho miaka mingi kisha kampuni kufa. Dawa ya mumoja si dawa ya mwingine: wa Leta anatafuta uthibitisho wa miaka, wa reli anatafuta michango ambayo mwajiri hakupeleka. Anayepeleka malalamiko kwenye mlango usiofaa anapoteza mwaka mwingine.

Hata miaka ikipatikana, kuna thamani yake. Wale waliopumzishwa wakati wa zaire wanajua. Oktoba 1993 zaire mupya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 franka moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mupya 100 000. Kwa hesabu, franka moja ni zaire za zamani bilioni 300. Pansio iliyopangwa kwa pesa ile na isiyorekebishwa kwa haki iliyeyuka, na mwenyewe akaacha hata kwenda kuiuliza kwa sababu nauli ya moto ilikuwa kubwa kuliko pansio. Kucheleweshwa ni sawa na kukatwa: franka ya mwaka huu haitanunua mchele ule ule kisha miaka mitano.

Nani basi anapaswa kutafuta miaka iliyopotea? Mpaka sasa jibu la desturi ni mutumishi mwenyewe. Anaombwa barua ya kuajiriwa, barua ya kuwekwa kazini, barua za kupanda cheo, alama za kila mwaka. Zote ziliandikwa na serkali, zikatiwa muhuri wa serkali, na kopi ya kwanza ilibaki kwa serkali. Serkali inamuomba muzee karatasi ambayo yenyewe iliipoteza. Nyumba yake Kasuku ilipita 1998, mvua, panya na kuhama. Kama ofisi yenye ukuta wa matofali haikuweza kuchunga dosie, ni vipi kumuazibu mutu wa nyumba ya majani?

Ingekuwa haki zaidi kugeuza mzigo. Mutumishi mwenye matrikile, ambaye jina lake lilionekana kwenye malipo mbele ya vita na likaonekana tena kisha vita, ahesabiwe kuwa alikuwa kazini katikati, mpaka serkali ionyeshe kinyume. Kutakuwa na wadanganyifu, hakuna ubishi. Wakuu wanaogopa, na wako na sababu, juu listi za Kongo zimejulikana kwa majina ya watu wasiokuwako. Lakini mutu wa uongo mara nyingi hana wanafunzi wa zamani, hana daftari la wagonjwa, hana wenzake watatu wa ofisi moja walio tayari kutia sahihi mbele ya mukubwa. Majina ya uongo yanakaa vizuri kwenye karatasi. Shida ya wazee wa Maniema ni ya upande mwingine: wanajulikana na kila mutu, isipokuwa karatasi.

Jimbo haliwezi kutia sahihi ya kupumzisha mutumishi wa taifa. Hiyo ni arete ya waziri Kinshasa, ao ordonansi ya Rais kwa wakubwa wa juu. Lakini divizio ya fonksio piblike ya jimbo inaweza kufanya kitu ambacho Kinshasa haiwezi: kukaa na kila ofisi, kuchukua listi ya wenye kukaribia miaka 65, na kutengeneza dosie zao wakati wangali kazini, wakati wenzao wangali hai. Muzee aliyekwisha kutoka anakuja kuomba. Aliye kazini bado ana nguvu ya kudai. Tena mukubwa wake wa leo anamujua. Wa kesho hatamujua.

Kwa mwenye kungoja zamu yake, kuna vitu ambavyo vina uzito kuliko vingine. Tangu malipo ya watumishi yalipoanza kupitishwa benki mwaka 2011, wakati Matata Ponyo, mutoto wa Kindu, alikuwa waziri wa fedha, benki inaandika kila mushahara na tarehe yake. Relive ya benki, inayoombwa mbele akaunti haijafungwa ao benki haijabadilishwa, inaonyesha mwezi kwa mwezi bila kutegemea kabati la ofisi. Kwa miaka ya mbele ya hapo, prose-verbali ya kurudilia kazi kisha kuhamishwa ao kisha vita ina nguvu kuliko barua ya sifa. Na karatasi yoyote inayopelekwa ofisini ipelekwe mara mbili: moja inabaki, nyingine inarudi nyumbani na muhuri wa kupokelewa, namba na tarehe. Bila muhuri huo, dosie "haikufika".

Hapo ndipo komisionere wanapata kazi. Muzee wa Lubutu ao wa Kabambare, kufika Kindu tu ni safari ya siku nyingi kwa moto na matope. Kinshasa ni ndege. Anapokuja mutu wa kusema "nitakufuatia dosie, utanipa sehemu pansio ikitoka", anakubali, anamupa hata karatasi za asili. Kisha simu haipiti. Sendika za watumishi na za walimu ziko na matawi jimboni. Kazi moja wangeweza kuifanya bila kungoja mtu ni kuwa na daftari la dosie zilizotumwa Kinshasa, na kutuma mutu mumoja anayejulikana kuzifuata zote pamoja, badala ya wazee mia kila mumoja na komisionere wake.

Afrika Mashariki imekwisha kuona ubishi wa namna hii. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wa reli, posta na bandari walibaki na miaka ya kazi kwa mwajiri aliyekufa. Kenya, Uganda na Tanzania ziligawana mali na madeni kwa mapatano ya 1984, na kila inchi ikabeba wazee wake. Hata hivyo, Tanzania ilikuwa bado na wazee hao barabarani na mahakamani miaka zaidi ya ishirini kisha mapatano. Kilichowasaidia waliolipwa ni kwamba daftari ya majina ilikuwako. Kongo, iliyoingia Jumuiya mupya mwaka 2022, haikosi mfano wa kutazama.

Kwa dosie za mbele ya 1988, njia iliyo wazi kwa sasa si Bukavu. Kopi ya pili ya barua za kuajiriwa ilikuwa ikienda kwenye wizara Kinshasa, kwa hiyo ombi linaweza kwenda huko kupitia divizio ya Kindu, likitaja matrikile, mwaka, mahali pa kwanza pa kazi, na namna zote ambazo jina liliandikwa, pamoja na ile ya wakati wa Zaire.